Cheni bloku: ya tani 2 mpya au ya tani 3 iliyotoka melini?

Swali: "Shikamoo mzee. Nasimamia karakana ndogo Shimanzi, Mombasa, tunatengeneza injini na giaboksi za boti za uvuvi na za malori. Mzigo wetu mzito kabisa ni giaboksi ambayo mafundi wanakisia ina kilo 1,300. Tajiri amenituma ninunue cheni bloku ya mkono, ile ya kunyanyulia mizigo kwa kuvuta mnyororo. Nimeonyeshwa mbili, bei zake hazipishani sana. Moja ni mpya ya tani 2, nyekundu inang'aa, jina la kampuni sijawahi kulisikia. Nyingine ni ya tani 3 iliyotolewa kwenye meli kuukuu, na muuzaji anaapa kwamba chuma cha zamani ndicho chuma. Mafundi wanaitaka hiyo ya tani 3. Tutaitundika kwenye boriti ya paa. Nichukue ipi?"

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi ni hili: chukua ya tani 2, lakini iwe na karatasi zake. Ikikosa karatasi, ziache zote mbili uendelee kutafuta. Na kabla hujatoa hata shilingi, sahau habari ya boriti ya paa. Nitaeleza kwa urefu, maana mafundi wako watabisha, na fundi hanyamazishwi kwa kuambiwa "mzee amesema".

Tuanze na hizo kilo 1,300. Tafuta kibati cha giaboksi yenyewe, kile kilichoandikwa uzito, au kitabu chake, na ujue kwamba mara nyingi uzito unaoandikwa ni mkavu, bila oili. Kama kibati kimeliwa na kutu, pakieni giaboksi kwenye pikapu mkapime kwenye mizani ya malori, gari likiwa na mzigo kisha likiwa tupu, mtoe. Ukanda wa bandarini haukosi mizani ya namna hiyo. Juu ya uzito mtakaoupata ongezeni oili, maji yaliyobaki ndani, slingi (kamba au minyororo ya kufungia mzigo) na shakeli (pingu za kuziunganishia). Halafu kuna jambo ambalo mizani haitawaambia: kitu kinachong'olewa kwenye kiti chake hakitoki kwa uzito wake peke yake. Gasketi iliyoganda, pini ya kuongozea iliyoshikwa na kutu, boliti moja iliyosahaulika chini ya uchafu, vyote vinavuta kuelekea chini, na cheni bloku haijui tofauti ya uzito na ubishi. Kwa hiyo ya tani 1.5 imebana mno kwenu. Ya tani 2 imekaa vizuri.

Kuna watakaokwambia kwamba hizi zimetengenezwa kubeba mara 4 ya kilichoandikwa. Ni kweli kwamba mnyororo wa cheni bloku nzuri kwa kawaida hukatika kwa nguvu inayofika mara 4 ya uzito wa kibati. Lakini akiba hiyo ina wenyewe. Imewekwa kwa ajili ya mnyororo unaolika mwaka hadi mwaka, mshtuko wa mzigo unapoteleza kidogo ukajikamata, na mkono wa binadamu usiokuwa na utulivu. Anayeila akiba hiyo kwa kuzidisha mzigo anabaki bila kitu siku mshtuko utakapokuja.

Basi ya tani 3 ina ubaya gani? Ikiwa nzima haina ubaya, ina usumbufu. Nyingi za tani 3 hushusha mnyororo wa mzigo kwa mistari miwili hadi kwenye kulabu ya chini, kwa hiyo mwili ni mzito, kupandisha ni polepole, na kulabu ya juu na ya chini hubaki mbali zaidi hata zikikaribiana kabisa. Mnapotoa giaboksi juu ya kitanda cha lori, sentimita 10 za nafasi ya juu zinaweza kuamua kama mzigo utavuka ukingo au utaugonga. Tena kibati cha tani 3 ni kishawishi. Siku italetwa injini ya tani 2.5, na mtu atasoma kibati cha cheni bloku asiulize inaning'inia kwenye nini.

Na hapo ndipo paa linapoingia. Vibanda vingi vya Shimanzi na Changamwe vimeezekwa mabati juu ya vyuma vya pembe au mabomba, na vingine vya zamani bado vina boriti za mikoko. Vyote hivyo vilipigiwa hesabu ya mabati, upepo wa kusi, na pengine fundi mmoja atakayepanda kuziba tundu. Hakuna aliyefikiria tani moja na nusu ikining'inia katikati, mahali ambapo boriti huinama kuliko kwingine kote. Halafu boriti haibebi mzigo tu. Inabeba na cheni bloku yenyewe, na nguvu ya mtu anayevuta kuelekea chini. Nimeona bomba la paa lililopinda kwa mtindo huu likanyooshwa kwa nyundo na kazi ikaendelea. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga, walizoea tu.

Tengenezeni gantri: miguu miwili ya herufi A, boriti ya chuma juu, vizuizi kwenye ncha zote mbili ili troli, kigari cha juu ya boriti kinachobeba cheni bloku, isitoke. Hesabu ya boriti ifanywe na mhandisi kwa urefu halisi kati ya miguu, na uwezo wake uandikwe kwa rangi ubavuni, herufi kubwa. Gharama hii mwambie tajiri tangu sasa, kwa sababu ni sehemu ya bei ya cheni bloku hata kama haimo kwenye risiti ya dukani.

Sasa nirudi kwenye kitu chenyewe, na hasa breki, maana hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Cheni bloku ya mkono haishikiliwi na gia. Gia zinakupunguzia nguvu tu. Kinachozuia giaboksi isirudi chini unapoachia mnyororo ni sahani mbili za msuguano, na katikati yao gurudumu lenye meno. Gurudumu unalolivuta kwa mkono limefungwa kwa uzi wa skrubu, kama nati. Unapovuta kupandisha, linajikaza na kuzibana sahani, na kidole cha chuma kinaruka juu ya meno, tak, tak, tak. Ukiachia, mzigo unataka kuzungusha mambo yote kinyumenyume, lakini kidole kimeshika jino, na kadiri mzigo unavyovuta ndivyo uzi unavyozidi kukaza sahani. Mzigo unajifunga breki wenyewe. Unapovuta upande wa kushusha unalegeza uzi kidogo, mzigo unashuka kidogo, unajikaza tena.

Ukielewa hilo utaelewa na namna breki inavyokufa. Inakufa kwa mafuta kwenye sahani. Inakufa sahani zikilika au zikiwa laini kama kioo. Inakufa springi ya kidole ikivunjika au ikiganda kwa kutu, na hii ya mwisho ndiyo ninayoiogopa zaidi katika hewa yetu ya chumvi. Kwa hiyo chagua yenye vidole viwili, si kimoja. Ni nyingi sokoni. Na sikiliza. Wakati wa kupandisha lazima usikie mlio wa meno, sawasawa bila kuruka. Cheni bloku inayopanda kimya ni mbovu, hata kama imeng'arishwa vipi. Wakati wa kushusha huwa haina mlio, usishtuke.

Mafundi wetu wana tabia ya kuogopa kutu mpaka wanapaka grisi kila mahali penye tundu. Mnyororo wa mzigo unataka oili. Gia zinataka grisi. Sahani za breki za cheni bloku nyingi zinatakiwa kuwa kavu kabisa, na kitabu cha mtengenezaji ndicho kitakachosema kama ya kwenu ni tofauti. Hiyo ya melini, kabla ya kuuliza ina nguvu gani, uliza nani aliifungua mara ya mwisho na alipaka nini ndani.

Baada ya breki, mnyororo wa mzigo. Shika taa, chukua pete moja moja. Kila baada ya pete kadhaa utakuta alama iliyopigwa kwenye chuma: T, 8 au 80 kwa daraja la uimara linalotumika sana kwenye cheni bloku za mkono, au 10 au 100 kwa daraja la juu yake. Mnyororo usio na alama yoyote, hasa ule mweupe wa zinki kama wa kufungia geti, umewekwa na mtu baada ya wa asili kwisha. Hata ukionekana mnene, pete zake hazikai sawa kwenye mifuko ya gurudumu la ndani, na zisipokaa sawa huruka.

Mnyororo haulikii pale unapopaona. Unalikia ndani, pete inapokalia pete. Ulegeze, uukunje, angalia hapo kwenye kitako. Kisha pima. Chukua sehemu inayopita juu ya gurudumu mara nyingi zaidi, uinyooshe, uhesabu pete 11, upime kwa verinia ndefu au rula ya chuma kutoka ukingo wa ndani wa pete ya kwanza hadi ukingo wa ndani wa pete ya mwisho. Mnyororo wa milimita 8 wenye pete za milimita 24 ndani, ukiwa mpya, utakupa milimita 264. Watengenezaji wengi wanaukataa ukirefuka kwa asilimia 2 hadi 3, yaani ukifika milimita 270 hivi umeshaingia kwenye mjadala, na 272 hakuna mjadala. Linganisha na sehemu ya mwisho wa mnyororo ambayo haifanyi kazi: hiyo ndiyo inayokwambia ulivyokuwa zamani. Unene wa chuma ukipungua kwa asilimia 10 mahali popote, umekwisha. Vishimo vya kutu, mchubuko mkali, alama ya kulehemu, pete iliyounganishwa kwa boliti: rudisha kitu dukani.

Usikubali pia shauri la kuupeleka mnyororo ukachovywe zinki ili usishike kutu. Tindikali ya kuusafishia huingiza hidrojeni ndani ya chuma kigumu kikawa chepesi kukatika ghafla, na zinki iliyoyeyuka ina joto la karibu nyuzi 450, joto linaloharibu ugumu aliouweka mtengenezaji. Ukitaka uliokingwa, nunua uliokingwa na kiwanda.

Kulabu nitaipita haraka. Iwe ya kufuliwa, izunguke bila kukwama, iwe na kilimi cha usalama kinachorudi chenyewe. Kulabu nyingi nzuri zina nukta mbili zilizopigwa kwenye chuma, moja kila upande wa mdomo. Pima umbali kati yake siku ya kununua, uuandike. Chuma kizuri cha kulabu hufunguka kabla ya kuvunjika, kwa hiyo mdomo uliopanuka ni ushahidi kwamba mtu alizidisha mzigo au alining'iniza kwenye ncha. Kulabu iliyopinda hainyooshwi wala hailehemiwi. Hapo kwenye ya tani 3, pima zote mbili, ya juu na ya chini, maana wauzaji hubadilisha ya chini tu.

Karatasi nilizozitaja ni zipi? Kwanza kibati juu ya mwili: uzito salama, jina la mtengenezaji, namba ya kifaa. Pili cheti cha majaribio chenye namba ileile. Ileile, tarakimu kwa tarakimu. Cheti cha fotokopi kinachofaa cheni bloku kumi za dukani si cheti. Watengenezaji wa maana hujaribu kila moja kwa mzigo uliozidi wa kibati, mara nyingi kwa mara 1.25 au 1.5, na hutaja kiwango walichofuata, kwa mfano EN 13157 cha Ulaya au ASME B30.16 cha Marekani. Herufi CE, alama ya Ulaya ya kutimiza masharti, peke yake isikulevye, kwa sababu ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, na kibandiko hakina gharama. Tatu kitabu cha maelekezo, chenye vipimo vya kukataa mnyororo na kulabu. Na uliza swali ambalo huwafanya wauzaji wababaike: sahani za breki na vidole vya akiba vinapatikana hapa Mombasa au Nairobi? Jina usilolijua si kosa. Jina lisilo na spea ndilo litakalofanya fundi wako achonge kidole cha breki kwa jiwe la kusagia.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka vifaa vya kunyanyulia viwe imara, viwe na alama ya uzito salama, na vikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa. DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, ndiyo inayowaidhinisha wakaguzi hao, na wapo Mombasa. Kwa karakana iliyo karibu na maji kama yenu, mimi ningependa mkaguzi afike kila miezi 6, na fundi wenu mwenyewe aangalie kila asubuhi kabla ya kutumia.

Dukani usiridhike kwa kuvuta mnyororo mtupu. Breki hii inahitaji mzigo ili ijifunge, kwa hiyo kulabu tupu haikwambii lolote. Omba pipa la lita 200 lijazwe maji, hilo ni zaidi ya kilo 200. Linyanyue kiasi cha kupitisha mkono chini yake, lakini mkono usiupitishe. Simamisha, weka alama ya chaki kwenye ukuta usawa wa ukingo wa pipa, kanywe kahawa. Ukirudi liwe palepale. Shusha polepole, simama, shusha, simama. Kila ukisimama nalo lisimame bila kuteleza hata kidogo. Jaribio hili halichukui nafasi ya jaribio la mzigo kamili, linakusaidia kukataa tu. Muuzaji anayekataa pipa la maji amekurahisishia kazi.

Na hiyo ya tani 3? Ikiwa muuzaji atakubali ipelekwe kwa mkaguzi aliyeidhinishwa, ifunguliwe, breki ionekane, mnyororo upimwe, ijaribiwe kwa mzigo na ipewe cheti chenye namba yake, basi ni kifaa kama kifaa kingine, na gharama ya hayo yote ihesabiwe kwenye bei. Nadhani ukishazijumlisha utaona imeipita mpya. Chuma cha zamani ni kizuri, sikatai, lakini kimeshinda miaka kwenye chumba cha mashine au sitahani, na hakuna anayejua kimebeba nini.

Mkishainunua, mambo machache ya matumizi. Mzigo uvutwe wima. Cheni bloku ikivutwa kwa upande mnyororo unapanda kwenye ukingo wa gurudumu lake. Kwa kuvuta kwa upande, kama kusogeza shafti ya propela, tafuta ile ya wenzo, inayoendeshwa kwa mpini. Mnyororo wa mzigo usizungushwe kwenye mzigo ukafanywa slingi. Slingi za miguu miwili zisitanuke sana: miguu ikiachana kwa nyuzi 60 kila mmoja unabeba kama asilimia 58 ya mzigo, kwa nyuzi 90 asilimia 71, kwa nyuzi 120 kila mguu unabeba mzigo wote. Anayevuta ni mtu mmoja. Cheni bloku ya ukubwa huu imetengenezwa kwa nguvu ya mkono wa mtu mmoja, kilo 30 au 40 hivi za mvuto, na ikihitaji wawili basi mzigo umezidi au umekwama. Hapa hakuna harambee. Simamisheni, mtafute boliti iliyosahaulika. Na fundi haingii chini ya giaboksi inayoning'inia hata kufungua nati moja; ishushwe kwenye stendi kwanza.

Jioni ipanguseni, mpake mnyororo oili nyepesi iliyo safi, si oili chafu mliyoimwaga kwenye injini ya lori, ile ina vumbi la chuma ndani yake. Itundikwe mbali na sakafu na manyunyu, hasa miezi ya masika.

Pimeni giaboksi wiki hii, kisha niandikie uzito wake na umbali mnaotaka kati ya miguu ya gantri. Nitumie na picha ya kibati cha hiyo nyekundu, iliyo karibu kiasi cha kusomeka namba.